Macho Yanapoacha Kwenda Pamoja: Kiharusi cha Shina la Ubongo

Kiharusi kimezoeleka kutambuliwa kwa mkono ulioishiwa nguvu, mdomo uliopinda na ulimi mzito. Hivyo ndivyo jamii ilivyofundishwa, na mafunzo hayo yameokoa wengi. Hata hivyo, kipo kiharusi kinachomwachia mgonjwa mikono yenye nguvu na maneno yanayosikika vyema, kikajidhihirisha machoni peke yake. Mtu huamka alfajiri, hutazama mlango na kuona milango miwili. Au chumba humzunguka, akatapika, akashindwa kusimama bila kushika ukuta. Afikapo zahanati hupimwa shinikizo la damu na malaria, hupewa dawa ya kizunguzungu au huelekezwa kwa mpima miwani, kisha hurudi nyumbani. Baadhi yao hurejeshwa baada ya siku moja au mbili wakiwa hawajitambui, na nafasi ya kuuzibua mshipa imekwisha kupita.

Katika hali hii macho yenyewe hayana ugonjwa. Kila jicho huendeshwa na misuli 6, na misuli hiyo hupokea amri kupitia mishipa mitatu ya fahamu inayotoka moja kwa moja kwenye shina la ubongo, yaani ule mhimili mdogo, wenye urefu kama wa kidole gumba, unaouunganisha ubongo na uti wa mgongo. Shina hilo lina sehemu tatu: ubongo wa kati ulio juu, ponsi iliyo katikati na medula iliyo chini. Mshipa wa tatu na wa nne wa kichwa huanzia katika ubongo wa kati. Wa sita huanzia katika ponsi. Mshipa wa tatu ndio wenye kazi nyingi zaidi, kwani huendesha misuli 4 kati ya 6, huinua kope ya juu, na hubeba nyuzi zinazoifanya mboni isinyae inapomulikwa. Wa nne una msuli mmoja tu, unaoliteremsha jicho lililoelekea puani. Ndiyo maana aliyeupoteza hulalamika zaidi anaposhuka ngazi au anaposoma. Wa sita nao una msuli mmoja, ule unaolivuta jicho kwenda nje, upande wa sikio.

Damu ya eneo hilo lote huletwa na ateri mbili zinazopanda ndani ya pingili za shingo na kuungana mbele ya shina la ubongo kuwa ateri moja, ateri ya basila. Takribani kiharusi 1 kati ya kila 5 vinavyotokana na kuziba kwa mishipa hutokea katika mfumo huu wa nyuma. Vijitawi vyake ni vyembamba mno, na shinikizo la juu la damu na kisukari huviharibu kimyakimya kwa miaka mingi. Kijitawi kimoja kikiziba, jeraha linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mahindi, lakini kwa kuwa ndani ya shina la ubongo nyuzi zote zimebanana, jeraha la ukubwa huo latosha kuvuruga mwendo wa macho yote mawili.

Mgonjwa anaposema anaona vitu viwili viwili, swali la kwanza halihitaji chombo chochote. Afunikwe jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Ikiwa picha ya pili inatoweka kila jicho moja linapofunikwa, basi macho hayaelekei mahali pamoja, na chanzo hutafutwa kwenye misuli, mishipa ya fahamu au ubongo. Ikiwa picha mbili zinabaki hata jicho moja likifunikwa, aghalabu tatizo limo ndani ya jicho lenyewe, kama vile mtoto wa jicho, na hapo mpima macho ndiye mwenye kazi. Baada ya swali hilo, mgonjwa afuate kidole cha mpimaji kulia, kushoto, juu na chini bila kugeuza kichwa. Dakika mbili zinatosha. Makengeza yanayomjia mtu mzima kwa ghafla huzua maneno mengi mtaani. Wapo wanaosema amepigwa na upepo mbaya, wapo wanaotaja kijicho cha jirani. Gharama ya maneno hayo ni saa zinazopotea kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali.

Mvurugiko unaoeleza vyema jinsi shina la ubongo linavyofanya kazi ni ule wa kukatika kwa mawasiliano kati ya ponsi na ubongo wa kati. Mtu anapotaka kutazama kushoto, jicho la kushoto lazima liende nje na la kulia liingie ndani, yote mawili kwa wakati mmoja. Amri hutoka kwenye kiini cha mshipa wa sita upande wa kushoto wa ponsi. Sehemu ya amri huenda moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Sehemu nyingine huvuka upande wa pili na kupanda kupitia fungu la nyuzi lililo karibu sana na mstari wa katikati, hadi kwenye kiini cha mshipa wa tatu wa jicho la kulia. Fungu hilo likijeruhiwa upande wa kulia, mgonjwa akitazama kushoto jicho lake la kulia hukwama katikati au hujikokota nyuma ya mwenzake, huku la kushoto likienda nje na kuchezacheza. Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba jicho hilohilo lililokwama mara nyingi huweza kuingia ndani mgonjwa anapoombwa kutazama ncha ya kalamu inayosogezwa puani. Msuli ni mzima, mshipa wake wa fahamu ni mzima. Amri ya kutazama karibu hupita njia nyingine. Kilichokatika ni ule waya kati ya vituo viwili. Kwa mtu mwenye umri mkubwa na shinikizo la damu, dalili hii ikitokea ghafla ni kiharusi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Jeraha likiwa pana kidogo, likaharibu fungu hilo pamoja na kituo cha jirani kinachoamuru macho yote mawili kutazama upande wa jeraha, hubaki mwendo mmoja tu wa kulia na kushoto: jicho la upande wa pili kwenda nje. Daktari C. Miller Fisher, mtaalamu wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi Boston, Marekani, aliiita hali hii mwaka 1967 ugonjwa wa moja na nusu, kwa hesabu rahisi kwamba upande mmoja wa kutazama umepotea wote na upande wa pili umepotea nusu.

Hata mahali ambapo macho yameelekea katika utulivu pana habari. Katika kiharusi kikubwa cha upande mmoja wa ubongo mkubwa, macho huelekea kwenye jeraha na kuupa kisogo mkono na mguu uliopooza. Katika kiharusi cha ponsi huwa kinyume: macho huutazama upande uliopooza. Muuguzi anayempokea mgonjwa asiyeweza kuzungumza anaweza kuiona tofauti hii akiwa bado mlangoni, na ni jambo la kuandikwa kwenye barua ya rufaa kwa maneno yale yale aliyoyaona.

Alama nyingine ya shina la ubongo ni msalaba: kichwa kimeathirika upande mmoja, mwili upande wa pili. Hermann Weber alieleza mwaka 1863 mgonjwa mwenye kope iliyoanguka na jicho lililogeukia nje upande mmoja, pamoja na kupooza kwa mkono na mguu wa upande wa pili. Jeraha lilikuwa katika ubongo wa kati. Huko chini kwenye medula, Adolf Wallenberg alieleza mwaka 1895 sura nyingine, ambayo hadi leo hupita bila kutambuliwa kwa sababu haina kupooza kwa mikono wala miguu. Mgonjwa ana kizunguzungu, macho yanachezacheza, kope moja imeshuka kidogo na mboni yake ni ndogo kuliko ya pili, sauti imekwaruza, chakula kinampalia, na huenda akawa na kwikwi isiyokoma. Uso upande mmoja hauhisi maumivu wala joto, na mwili upande wa pili vivyo hivyo. Anaposimama hujikuta akivutwa upande mmoja kana kwamba sakafu imeinama. Mgonjwa wa namna hii akiandikiwa dawa za tumbo kwa sababu anatapika, kosa hilo si la uzembe tu; ni la kutomtazama machoni.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Wagonjwa wenye kizunguzungu ni wengi, na wengi wao hawana kiharusi. Anayezungukwa kwa sekunde chache kila anapojigeuza kitandani, kisha akatulia, mara nyingi ana tatizo jepesi la sikio la ndani linalotibika kwa kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Anayehitaji kuogopewa ni yule ambaye kizunguzungu kilimwanza ghafla, hakijakoma kwa saa nyingi, anatapika, na macho yake yanachezacheza wakati anapochunguzwa. Kwa huyo zipo njia mbili tu kubwa za kufikiri: ama mshipa wa mizani wa sikio umevimba, jambo ambalo hupona, ama ni kiharusi cha shina la ubongo au cha ubongo mdogo ulio nyuma yake.

Kwa mgonjwa huyo, na kwa huyo pekee, kuna uchunguzi wa macho wa hatua tatu unaojulikana kwa kifupi HINTS. Hatua ya kwanza ilielezwa na Halmagyi na Curthoys wa Sydney, Australia, mwaka 1988. Mgonjwa hukaa akimtazama mpimaji puani. Mpimaji hushika kichwa chake kwa mikono miwili na kukigeuza upande mmoja kwa haraka lakini kwa pembe ndogo. Sikio likiwa na ugonjwa, macho huvutwa pamoja na kichwa, kisha huruka kurudi kwenye pua ya mpimaji. Sikio likiwa zima, macho hubaki puani bila kuruka. Wengi hukosea hapa kwa kuwa wamezoea kwamba kipimo kizuri ni habari njema. Kwa mgonjwa anayezungukwa bila kukoma, macho yasiyoruka yanamaanisha kwamba sikio halina hatia, na mkosaji atafutwe ubongoni. Hatua ya pili ni kutazama jinsi macho yanavyochezacheza. Yakipiga kuelekea kulia mgonjwa anapotazama kulia, na kuelekea kushoto anapotazama kushoto, au yakipiga juu na chini, huo ni ubongo. Hatua ya tatu ni kufunika jicho moja na kuhamisha kiganja haraka kwenda jicho la pili, mara kadhaa. Jicho linalofunuliwa likishuka au kupanda ili kulishika lengo, macho hayako kwenye mstari mmoja, na huo nao ni ubongo.

Utafiti wa Kattah na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2009, kwa wagonjwa 101, ulionyesha kwamba hatua hizo tatu zilipochunguzwa na wataalamu hazikukosa kiharusi hata kimoja, ilhali picha ya kwanza ya MRI ilikuwa haijaonyesha jeraha kwa asilimia 12 ya wagonjwa wa kiharusi, wote wakiwa ndani ya saa 48 tangu kuanza kuugua. Tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba mikononi mwa wasiozoezwa vyema matokeo si mazuri kiasi hicho. Tahadhari nyingine ni mbili. Kichwa kisigeuzwe kwa nguvu kwa mtu aliyeumia shingo au mwenye maumivu mapya ya shingo, kwani ateri ya shingoni inaweza kuwa imechanika. Na mgonjwa aliyepoteza usikivu wa sikio moja kwa ghafla pamoja na kizunguzungu asihesabiwe kuwa mgonjwa wa sikio tu, maana ateri inayolisha sikio la ndani mara nyingi ni tawi la zile zinazotoka kwenye basila. Mahali ambapo hakuna aliyefundishwa uchunguzi huu, swali moja bado lina uzito: je, mgonjwa anaweza kukaa na kusimama bila kushikiliwa? Mwenye ugonjwa wa sikio huyumba lakini kwa kawaida husimama. Asiyeweza hata kukaa wima apelekwe hospitali ya rufaa bila kusubiri kuche.

Picha ya CT, ambayo ndiyo inayopatikana katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, huonyesha vizuri damu iliyovuja lakini huona vibaya kuziba kwa mishipa katika sehemu ya nyuma ya fuvu, kwa kuwa mifupa minene ya hapo huifunika picha kwa vivuli. Majibu yanayosema CT ni safi hayamwondolei mgonjwa kiharusi cha shina la ubongo. Yanaondoa damu, basi.

Damu nayo inapovuja ndani ya ponsi huwa na sura yake: mgonjwa huzimia upesi, na mboni zote mbili husinyaa mithili ya ncha ya sindano. Vijijini sura hiyo huchanganywa na sumu ya dawa za kuulia wadudu shambani, ambayo pia husinyaza mboni; mwenye sumu, hata hivyo, hutokwa na mate na jasho jingi na kifua chake hujaa makohozi. Kuziba kwa ncha ya juu ya basila huleta kinyume cha matarajio ya wengi: hakuna kupooza kunakoonekana, bali usingizi mzito wa ghafla na macho yasiyoweza kutazama juu.

Si kila jicho lililokwama ni kiharusi. Kope iliyoanguka pamoja na mboni iliyopanuka na maumivu makali ya kichwa huashiria mshipa wa damu uliotuna unaogandamiza mshipa wa tatu, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Mwenye kisukari anaweza kupooza mshipa mmoja wa jicho, mboni ikibaki nzima, akapona ndani ya miezi mitatu. Kope inayolegea zaidi kadiri siku inavyokwenda ni dalili ya udhaifu wa misuli uitwao mayasthenia. Na mlevi wa muda mrefu, au mjamzito aliyetapika kwa wiki nyingi, akija amechanganyikiwa, anayumba na macho hayaendi, apewe vitamini B1 kwa sindano kabla ya glukosi. Gharama yake ni ndogo na kuchelewa kwake huharibu kumbukumbu daima.

Kiharusi kinaposhukiwa, saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima iandikwe, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Kwa ateri ya basila iliyoziba, tafiti mbili zilizofanyika China na kuchapishwa mwaka 2022 zilithibitisha kwamba kulivuta bonge la damu kwa mrija huokoa maisha na uwezo wa kujitegemea, mojawapo hata kwa waliochelewa hadi saa 24. Huduma hiyo bado ni ya hospitali chache katika ukanda huu. Yanayowezekana popote ni haya: sukari ipimwe, shinikizo la damu lisishushwe kwa pupa, aspirini isitolewe kabla ya picha, na mgonjwa asipewe chai, uji wala kidonge mpaka ameze vijiko vichache vya maji mbele ya mhudumu bila kukohoa. Ndugu wenye huruma humnywesha uji mgonjwa ambaye koo lake limepooza, na uji huo huishia mapafuni.

Wanaopona huuliza kuhusu macho yao kabla ya jambo jingine. Habari ni njema kwa wengi: picha mbili hupungua kwa wiki na miezi. Wakati wa kusubiri, jicho moja lifunikwe kwa zamu, au kioo kimoja cha miwani kibandikwe utepe usioonyesha vizuri. Miwani yenye prizimu husaidia baadhi, na upasuaji wa kunyoosha makengeza hungojea hali itulie kwa miezi 6 hivi. Kuendesha gari au bodaboda kukome kabisa mpaka daktari aruhusu. Wachache, miezi kadhaa baada ya kiharusi cha ponsi, huona dunia ikitikisika mbele yao bila kukoma, kwa sababu macho na kaakaa laini vimeanza kutetema; hicho si kiharusi kipya, na dawa kama gabapentini au memantini huweza kupunguza mtetemo huo.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye kwake macho ndiyo yote yaliyobaki. Sehemu ya mbele ya ponsi ikifa, mikono, miguu, uso na sauti hupooza, lakini akili hubaki timamu, na mara nyingi uwezo wa kupandisha na kushusha macho na kupepesa kope hubaki pia, kwa kuwa huongozwa na ubongo wa kati ulio juu ya jeraha. Mwaka 1995 jambo hilo lilimpata Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle huko Ufaransa. Kwa kupepesa jicho la kushoto wakati msaidizi akimsomea herufi kwa mpangilio wa zile zinazotumika zaidi katika Kifaransa, alitunga kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1997, siku chache kabla ya kifo chake. Ubao kama huo kwa Kiswahili ungeanza na A. Lakini kabla ya ubao lazima mtu agundue kwamba mgonjwa yumo. Wauguzi na ndugu huzungumza juu yake kitandani kana kwamba hasikii, na faili huandikwa kwamba amezimia. Kabla ya kuandika neno hilo, mhudumu amwinamie, ayafungue macho yake kwa vidole ikiwa yamefumba, na amwambie kwa sauti ya kawaida: tazama juu. Yakipanda, amwombe ayashushe. Yakishuka, wakubaliane papo hapo kwamba juu ni ndiyo na chini ni hapana, na makubaliano hayo yabandikwe ukutani juu ya kitanda, ili zamu ya usiku iyakute.